Duara la Chokaa na Mihogo ya Luvungi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimekaa ndani ya ndege ya askari juu ya bonde la Ruzizi, magoti yamenigusa kidevu, meno yanagongana hata nikadhani yale ya juu yanataka kuhamia chini. Wabelgiji bado walikuwa wanatutawala. Mimi nilikuwa kijana wa Mumosho, nimetoka tu kumaliza masomo ya usiku hapa Bukavu. Usiyacheke masomo ya usiku! Darasa zima tulisomea taa moja, na moshi wake ulikuwa mwingi hivi kwamba asubuhi ukipiga chafya inatoka hesabu ya kugawanya. Lakini cheti nilikipata, na cheti kikanipa kazi ya ukarani na ukalimani kwenye kambi ya askari.

Sasa utauliza, karani alifikaje angani? Luteni mmoja pale kambini alitaka kuwafundisha marubani wake kuangusha mabomu. Akachagua uwanda wa karibu na Luvungi, kwa kuwa kwenye ramani yake mahali pale palikuwa patupu, hakuna hata nukta. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Yeye mwenyewe aliagiza mabomu yajazwe mchanga na saruji badala ya baruti, ili hata moja likipotea njia lisilipuke na kuua watu wasiohusika. Askari wake wakaenda kuchora chini duara kubwa la chokaa, ndiyo shabaha. Na mimi akanipakia ndegeni nimwonyeshe vijiji vilipo, vikwepwe. Ukisikia hivyo utasema mambo yote yalikuwa yamepangwa. Lakini wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulipoiacha milima nyuma, bonde likafunguka mbele yetu, kavu, la rangi ya simba. Luteni akanigusa bega, akanyoosha kidole.

"Karani, ona! Shabaha yetu ile."

Nikaona duara jeupe. Vizuri. Kisha nikaona jingine kando yake. Na jingine. Na upande wa mto, mengine kama sahani zilizoanikwa baada ya arusi.

"Bwana," nikamwuliza kwa kelele juu ya mvumo wa injini, "mulichora duara ngapi?"

"Moja tu!"

Hapo nikaelewa. Kwa maana mimi ni mtoto wa mama aliyelima mihogo, na kila kiangazi nilimwona akiimenya, akiiloweka, akiitoa majini na kuianika kwenye mikeka na miamba mpaka ikauke iwe tayari kusagwa unga wa bukari, ndio ugali wetu. Ukisimama chini unaona mihogo. Ukiwa juu unaona chokaa. Na pembeni ya duara lile alilolinyooshea kidole Luteni palikuwa na madoadoa ya rangi yanayotembea. Vilikuwa vitenge, mwanangu. Ndani ya vitenge walikuwamo wanawake wa Luvungi, na mmoja wao, kwa nilivyojua, alikuwa dada yangu mkubwa, Nabintu, aliyeolewa kule.

Nilipiga kelele. Mpaka leo sijui nilitumia lugha gani, nadhani zote. Nilisema Kiswahili, nikasema Mashi, lugha ya kwetu, nikasema Kifaransa cha masomo ya usiku, tena na vitenzi vimenyooka! Nikamshika Luteni mkono. "Hapana! Ile ni chakula! Ile ni bamama!" Akashtuka, akampigia rubani kelele naye, na ndege ikapita juu ya duara lile bila kuacha kitu. Luteni alipogeuka kunitazama, uso wake ulikuwa umeipita chokaa kwa weupe. Tukarudi na mabomu yetu yote.

Basi, ngoja nikwambie yaliyofuata. Kambini walinipa mkono, Luteni akanipa pakiti ya sigara na mimi sivuti. Nilipofika sokoni habari ilikuwa imeshafika, nami nikaisimulia upya. Nilipofika mtaani, nilikuwa nimelirudisha bomu ndani likiwa limeshaanza kutoka. Kufika jioni, nilikuwa nimelidaka kwa mikono miwili. Hadithi haikukua yenyewe, niliimwagilia maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia ziwa Kivu zima.

Jumapili nikapanda Bagira kwa mjomba wangu, ndugu ya mama, nikavune sifa za ukoo. Watu wote walimwita Tonton Kaporali. Alikuwa amepigana vita vya Abisinia, akarudi na pensheni ndogo na suruali moja ya kaki aliyoipiga pasi ya makaa kila Jumapili mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Nikamkuta ameiinamia hiyo suruali na pasi mkononi.

"Tonton, umesikia? Bila mimi, Luvungi ingekuwa majivu!"

"Bomu ya mchanga haiwezi toa majivu," akasema bila kuinua macho. "Yaya yako Nabintu iko salama?"

"Salama kabisa!"

"Mpaka siku gani?"

Sikuelewa. Akaipuliza pasi, cheche zikaruka.

"Avioni yenu inarudi kule siku gani?"

"Alhamisi, Tonton."

"Na weye utakuwa ndani?"

Kiti changu Alhamisi kilikuwa kimepewa mkubwa mmoja aliyekuja kukagua mazoezi. "Hapana," nikasema. "Lakini Luteni anasema watachora duara kubwa zaidi, jeupe zaidi."

"Aa, nyeupe zaidi! Basi na bamama nao wataanika mihogo nyeusi zaidi, si ndiyo? Siku ile ni nani atapiga kelele? Utaacha mudomo yako mule mu kiti?"

"Tonton, haina hata baruti ndani..."

"Jiwe ya kusagia iko na baruti? Njoo tupande juu ya kanisa, nikuangushie moja, uniambie."

Akaiweka pasi kando. Mtu yule alipenda mzaha, lakini hapo mzaha ulimtoka.

"Kule Abisinia niliona avioni inatafuta kambi ya askari. Bamama walikuwa wameanika nguo nyeupe karibu na kisima. Rubani hakukuwa mutu mubaya, mutoto. Alikuwa juu, ni ile tu."

Sikuthubutu kumwuliza kisimani kulitokea nini.

"Kelele yako ilikuwa muzuri," akasema. "Nakushukuru, sababu Nabintu ni mutoto wangu. Lakini kelele ni ya siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shuka Luvungi. Tena usibebe majibu. Beba maulizo."

Mwanangu, nilikuwa nimekuja kuvishwa taji, nikaondoka na safari. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikashuka na kamyo la mizigo kwa zile kona za mlimani, kona kali hivi kwamba dereva anauona mgongo wa gari lake mwenyewe. Nikawakuta wanawake kwenye maanikio. Sijafika hata karibu, mama mmoja akapiga vigelegele.

"Ni yeye! Ule mutu mwenye alishika bomu na mikono! Onyesha mikono, papa, tuone!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dada yangu Nabintu akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Huyu? Huyu hata chungu ya moto hajuage kushika."

Nikangoja kicheko kiishe, nikawaeleza hatari iliyokuwa inakuja Alhamisi. Kicheko kikafa. Halafu, mtoto wa shule nisiyesikia, nikasahau wasia wa mjomba nikatoa jibu nililolitunga njiani. Nikawaambia juma lile wasianike mihogo.

"Ndugu yangu," Nabintu akasema polepole, kama anamfundisha mtoto kunawa, "mihogo tuliloweka, iko mu mayi. Kesho inatoka. Ikipita siku yake, inaoza, na batoto watalala njaa. Tupike bukari ya nini, ya avioni?"

"Mwambie Luteni aanike bomu yake fasi ingine!" akadakia yule mama wa vigelegele.

Alisema kwa mzaha. Lakini neno lile lilinifungua masikio, nami nikakumbuka nilitumwa kuuliza.

"Basi niambieni, bamama. Ni fasi gani ninyi hamuwezi kuanika hata siku moja?"

Wakabishana pale, ee! Huyu akasema kivulini, huyu akasema kwenye mbuzi, mwingine akasema karibu na mama mkwe wake, wakacheka tena. Mwisho Nabintu akanyoosha kidevu upande wa magharibi, chini ya milima, ambako moto wa kiangazi ulikuwa umelamba majani ukaacha uwanda mweusi mpana.

"Kule pori iliungua. Nani anaweza tia mihogo mu masizi? Bukari itatoka nyeusi, bwana yako atakurudisha kwenu."

Wakakubaliana wote. Na kila mmoja akaongeza lake: kule hakuna majani, basi ng'ombe hawaendi, hakuna kuni, hakuna nyasi za kuezekea, hata njia ya kwenda mtoni haipiti kule. Ramani ya Luteni ilisema bonde zima ni tupu. Wanawake wale walijua mahali pamoja tu palipokuwa patupu kweli.

Nilirudi kambini nikamwambia Luteni kila neno. Kisha akavaa kofia, akaita gari, tukashuka pamoja, na yeye akaukanyaga ule uwanda kwa miguu yake mwenyewe, viatu na soksi vikawa vyeusi. Nabintu akasimama mwisho wa maanikio anampima kwa macho.

"Mwambie aende mbele ingine," akaniambia. "Ningali naona ndevu zake."

Nikamwashiria Luteni aende mbele. Akaenda. "Ningali naziona," akasema Nabintu. Akaenda tena, mpaka akabaki kama kijiti na ndevu hazionekani. Hapo ndipo duara likachorwa, jeupe juu ya masizi, na hakuna mtu wa Luvungi ambaye angeweza kuweka cheupe kingine karibu nalo. Nilimtafsiria Luteni kila kitu isipokuwa habari ya ndevu. Wakapatana pia kwamba askari mmoja atasimama juu ya kichuguu na kitambaa kikubwa chekundu. Akimwona mtu au mnyama anakatiza pale peusi, anakitandaza chini, na ndege inaondoka na bomu lake.

Alhamisi ikafika. Nilikaa na wanawake kwenye maanikio. Tonton Kaporali naye alikuja, na ile suruali, hataki kukaa isije ikakunjika. Ndege ikatokea juu ya milima. Bomu la kwanza likaanguka ndani ya duara, puu, vumbi na masizi vikaruka, watoto wakashangilia. La pili hivyo hivyo. Lakini la mwisho liliachiwa mapema au lilikosea, sijui, mimi si rubani. Tuliliona likitoka nje ya njia ya wenzake, linakuja upande wetu.

Hapa sitii chumvi, mwanangu. Chumvi yangu yote iliniishia siku ile. Hakuna aliyekimbia, maana hakuna aliyejua akimbilie wapi. Nabintu alinishika mkono, kucha zake zikaingia. Likaanguka mbali na duara, mbali sana, ardhi ikatutetemekea miguuni. Vumbi lilipotua tukaona shimo. Lilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda mweusi, lakini ndani ya weusi. Kati yake na mkeka wa kwanza wa mihogo bado palikuwa na kile kipande kirefu alichotembezwa Luteni kwa ajili ya ndevu zake.

Tonton alikuwa amekaa chini, suruali na yote.

Nabintu ndiye aliyesema kwanza. "Luteni wako anatupa bomu sawa na mutoto mwenye anajifunza kula na kijiko." Kicheko kilichotoka pale, nakuapia, kilisikika ng'ambo ya Ruzizi. Naye akaniachia mkono, akainama, akaanza kuigeuza mihogo yake upande wa pili, kwa maana jua lilikuwa zuri.

Mwanangu, nimeona mengi tangu siku ile, na ndege nyingi zimepita juu ya vichwa vyetu, nyingine zikiwa na baruti ya kweli. Najua kati yenu wapo watakaovaa magwanda, na wapo watakaokaa kwenye meza za wakubwa ambako mambo huamuliwa. Basi nisikilize. Mtu anayeangusha kitu kizito kutoka juu hatoshwi na moyo mwema, wala hatoshwi na bomu lisilolipuka. Aliye juu huona rangi. Aliye chini huona watu. Kabla hujaachia mkono, shuka kwanza, uwaulize wanaoishi pale wanalala wapi, wanapita wapi, wanaanika wapi chakula chao. Kisha waongezee nafasi kuliko ile unayodhani inatosha, kwa maana mkono wa mwanadamu hukosea hata siku aliyojiandaa. Na ikiwa hakuna mahali patupu, rudi nyumbani na mzigo wako. Hakuna aibu kutua na bomu ambalo hukuliangusha. Na kama siku moja kelele yako itaokoa watu, mshukuru Mungu, ufurahi, ule, unywe. Lakini kabla ya kuisimulia sokoni, uliza Alhamisi itakuwaje.

Mungu akujalie macho ya kuona kilicho chini yako na masikio ya kuwasikia walioko huko. Juu ya paa lako zipite mvua na ndege wa porini tu. Na chakula utakachoanika juani, jioni ukikute kimekauka, nao waliokianika wote wakiwapo kukila pamoja nawe. Amina.