Aspirini ya Majirani wa Olumbi

Jumatatu, kwenye kituo cha afya, mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Sisi wa kwenye benchi tulisikia yote.

"Bibi, ile aspirini ya kila siku iache," daktari kijana alisema. "Tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba kwa mtu wa umri wako, ambaye hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, hatari ya kuvuja damu tumboni inazidi faida."

Bibi aliikunja ncha ya leso, akaikunjua. "Daktari mwenzako ndiye aliyeniambia nimeze, tulipokuwa bado kijijini Olumbi."

"Hakukosea. Wakati ule ndivyo tulivyojua."

"Nami nikawaambia majirani wote wameze. Sasa tumekimbia mafuriko, kila mtu na kwake. Nani atawaambia waache?"

"Wasiache wote!" daktari alishtuka. "Aliyewahi kupata kiharusi huenda inamfaa. Kila mmoja akamwone daktari wake."

"Daktari wa wapi, mwanangu? Wa walikokimbilia, au wa watakakokimbilia tena?"

Daktari aliitazama simu yake, ambamo tafiti zote humfikia.

Nilipotoka nilimkuta bibi barabarani, ameshika dirisha la gari la kwenda Awasse. "Ukimkuta mtu wa Olumbi," alimwambia dereva, "mwambie ile aspirini akamuulize daktari kwanza."

"Mtu gani hasa, bibi?"

"Yeyote. Niliwaambia wote."

Gari liliondoka, naye akalikimbilia la nyuma yake.