Seva Iliyokubali Nyumba Moja

Meneja alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Vizuri! Siku aliyomfukuza kazi dada mwenye nyumba hii, fundi wa kompyuta, hakuwa na adabu hiyo. Alimwita mwizi mbele ya wafanyakazi wote, eti akiwa nyumbani huingia kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, na kuiba majina ya wateja. Na aliyemwagiza afanyie kazi nyumbani ni nani? Huyo huyo!

Umbea ukatoka ofisini mbio mpaka kwa mama yake fundi, na wanawake wenzake wa kikundi cha akina mama wakaanza kunyamaza kila akiingia. Mama akaacha kwenda. Hilo fundi hakulisamehe, wala hakuwa na mpango wa kulisamehe.

Sasa kampuni ilikuwa imehamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti, na seva yao, waliyoikodi mji wa mbali, ikawafungia nje. Nenosiri sahihi, seva iko hai, lakini wakijaribu kuingia wanasubiri weee, mwisho inakata. Fundi, ambaye kazini walimwita Kufuli, alijua hata kabla hajaambiwa. Fayawoli, ule ulinzi unaochagua nani apite, aliipanga mwenyewe: ipite anwani ya intaneti ya ofisi, na ya nyumbani kwake. Ofisi ilikuwa imepata anwani mpya. Ya nyumbani hakuna aliyekumbuka kuifuta.

"Dada yangu, mizigo ya wateja imekwama," meneja alisema huku jasho likimtoka. "Niokoe."

"Leo mimi dada yako?"

Kufuli aliandika nenosiri alilopewa na meneja, akaingia mara moja, akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Kisha akakunja mikono.

"Nikiongeza anwani yenu mpya, mnaingia. Kwanza wapigie wafanyakazi, weka spika. Waambie ulinisingizia."

"Mbele ya watu wangu? Utaniua!"

"Kwani mimi uliniacha hai?"

Meneja akapiga. Alibabaika, lakini aliyasema yote. Upande wa pili mtu akaangua kicheko. Raha iliyomwingia Kufuli, we acha tu! Akapeleka vidole kwenye kibodi.

"Subiri kwanza, mwanangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, simu mkononi. Akaja, akamwekea meneja simu hiyo mapajani.

"Mwenyekiti wa kikundi chetu yuko hewani, na wenzangu wote wako naye. Anza upya, baba."