Uso Uliozikwa Kibara

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la nne, Nyasura, Bunda. Madaftari yenyewe yalikuwa shida, sembuse rangi.

Kitabu cha picha nilichofundishia kuchora nilikipata Musoma, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na Mwigobero. Rafu zake zilikuwa tupu. Siku niliyokwenda kuulizia chaki alinikaribisha chai isiyo na sukari, akanionyesha picha za mchoraji mmoja wa siku hizi wa huko kwao.

"Huyu alijua kuchora kama Wazungu," aliniambia. "Halafu akaacha rangi za dukani, akarudi kwenye udongo na masizi, kama wanakijiji wanavyopaka kuta zao. Chukua, Mwalimu. Wanangu wamehamia ng'ambo, nani atakifungua hapa?"

Darasani watoto walimwita "mchoraji wa macho", maana watu wake wote walikuwa na macho makubwa, marefu kama samaki. Tulikwangua masizi kwenye masufuria, tukachimba udongo mwekundu kando ya barabara, tukaponda majani ya kunde. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, brashi vijiti vilivyotafunwa ncha, karatasi mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akawaona wengine wanaramba vidole vyenye rangi.

"Mwalimu, uji huo si ungewafaa tumboni?"

Kesho yake nilipika mwingi zaidi, wakanywa kwanza ndipo tukachora.

Kulikuwa na msichana wa Kibara aliyekaa Nyasura kwa shangazi yake. Mama yake naye alikuwa ameletwa hapo, mgonjwa, awe karibu na hospitali. Nilipowaambia kila mmoja amchore mtu wa nyumbani kwao kwa namna ya yule mchoraji, aliinua mkono.

"Mwalimu, mama anakuwaga amefumba macho siku nzima. Nimchore amefumba?"

"Mchore unavyopenda kumwona."

Akamchora amefumbua, macho mapana mpaka karibu na masikio, kitenge chekundu cha udongo kichwani. Aliomba kukaa na picha yake, nikamruhusu.

Wiki hiyo hiyo mama yake akafariki. Walimu wawili tulipanda lori la pamba hadi Kibara kuzika. Marehemu hakuwa na picha hata moja ya kupigwa. Shangazi alikuwa amebeba ule mchoro, akampa kaka yake, baba wa mtoto, mvuvi mrefu. Aliutazama sana.

"Ni yeye kabisa," akasema.

Kisha akaukunja taratibu, akauweka kifuani mwa marehemu, jeneza likafungwa. Mtoto alikuwa nje na wenzake. Alipoingia akaona misumari inagongwa na mikono ya shangazi mitupu, alielewa.

"Baba, nirudishie! Mimi nitamwona wapi?"

Wanawake wakamshika. "Sikujua, mwanangu," baba alisema. "Nilitaka aende na kitu chako." Hakuna aliyethubutu kusema jeneza lifunguliwe. Nami nilikuwa mgeni tu pale.

Aliporudi shuleni nilimwekea karatasi na rangi. Alichora, akafuta kwa kiganja. Akachora tena.

"Mwalimu, uso umekataa kuja."

Niliketi naye kwenye dawati lake, tukafungua kitabu. Yule mchoraji alikuwa amechora akina mama wengi. Aliwapitia mmoja mmoja kwa kidole bila haraka, mpaka akasimama kwa mwanamke aliyempakata mtoto.

"Shingo hii ni ya mama."

"Basi chora shingo."

Akachora shingo, na mabega, na ukingo wa kitenge. Juu yake aliacha karatasi wazi. Nilimuuliza kama angependa nimsaidie uso, akatikisa kichwa, akaikunja picha na kuitia ndani ya sweta.

Alimaliza la saba akarudi Kibara kulea wadogo zake. Maduka yalipoanza kujaa tena, mama wa Kihindi alikuwa ameshawafuata wanawe. Nilinunua rangi za kopo, nzuri, za kung'aa, nikafundisha nazo watoto wengine. Yule binti, tangu siku ile ya shingo, sikumwona akichora tena.