Orodha ya Vyumba Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: rejesta, kalamu ya wino mweusi na kikopo cha pini. Ilikuwa katika hoteli moja ya Homa Bay inayotazama ziwa, na kongamano lilikuwa la chama cha wataalamu wa maabara za hospitali na zahanati. Mimi sikuwa mtaalamu wa chochote. Nilitoka Asumbi na cheti cha uhazili, viatu vya kuazima na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulionipa kazi. Katibu Mtendaji, mzee mrefu aliyefunga tai hata kwenye joto la saa nane mchana, aliniagiza niandike orodha ya vyumba: jina la mjumbe, anakotoka, nambari ya chumba. Kisha niibandike ukutani karibu na mlango wa chumba cha kulia, kwa herufi kubwa, hata mwenye macho mabovu asome.

"Mtu akija ugenini, watu wa kwao wajue amelala wapi," alisema. "Ukimficha mgeni, umemkosea."

Nilimwamini, maana hata nyumbani ndivyo tulivyolelewa. Kabla ya chakula cha mchana ukuta ule ulikuwa umejaa watu. Wa Rongo walitafuta wa Rongo. Mama mmoja wa Mbita alimpata rafiki aliyeachana naye chuoni, wakakumbatiana na kucheka mpaka supu ikapoa. Mimi nilisimama kando na kalamu yangu, nikajiona kama hao wote nimewazaa mimi.

Waandaaji wa siku hizi wana simu inayowafanyia kila kitu. Sisi tulikuwa na dawati la usajili, yaani meza moja iliyotandikwa kitambaa cha kijani, na shida zote za wajumbe ziliishia hapo. Nilijifunza kwamba mwenye kisukari hula kabla ya hotuba ya mgeni wa heshima, kwa sababu mgeni wa heshima hana saa. Nilijifunza kutowawekea Wasabato kambale, maana hawali samaki asiye na magamba, na kutopanga kikao kikubwa Jumamosi. Mama anayenyonyesha alipewa chumba cha karibu na ukumbi. Mwenye pumu alikaa dirishani. Sanduku la huduma ya kwanza nililinda mwenyewe, maana ukumbi mzima wa wataalamu wa damu na mkojo, mtu akizimia, wote husimama na kumwangalia. Kazi hiyo niliipenda, sitaficha.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya tawi la Migori, chini ya Mratibu wa Makongamano, mama mkali ambaye hakuwahi kuniita jina, aliniita Dawati. Katika kongamano letu la kwanza pale alikuja mjumbe kutoka Isebania, Boke, mwanamke mpole aliyecheka akiziba mdomo. Asubuhi ya siku ya pili alikuja mezani na mkoba wake akasema anarudi, mtoto wake ni mgonjwa. Niliandika kwenye rejesta: ameondoka, mtoto mgonjwa. Nikamfungia mkate mzima na maji ya matunda ampelekee mtoto. Aliupokea bila kuniangalia usoni, nami nikasema moyoni kwamba wasiwasi wa mama ndivyo ulivyo.

Miaka ikapita, orodha ikabaki ukutani kila kongamano, mpaka tuliporudi Homa Bay na Lavender akaja.

Lavender alikuwa msichana wa zahanati ya kisiwa cha Remba, mdogo kuliko wajumbe wote, na siku hiyo saa tano angesoma mada mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani. Nilipofika kufungua dawati nilimkuta ameketi juu ya begi lake.

"Mama, mimi narudi Remba," alisema.

Nilimuuliza, nyathina, yaani mwanangu, kuna nini? Akanieleza polepole. Jana yake, baada ya chakula cha jioni, Mwenyekiti wa Kamati ya Mafunzo alimgongea mlango mara tatu. Alitaka afungue waongee mambo ya masomo. Huyo Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akitia sahihi barua za vijana wanaotaka kuendelea na masomo, na alimkumbusha kupitia mlango kwamba barua yake iko mezani kwake.

Sasa nitasema nililojibu, ingawa mpaka leo linaniaibisha. Nilimwambia pengine mzee alitaka tu kumsalimia.

"Mtu husalimia akizungusha kitasa?"

Nikauliza nani alimwonyesha mzee chumba chake.

"Si ni wewe uliandika, Mama," alisema.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu ilinichoma. Nilikwenda ukutani nikaing'oa orodha, pini zikamwagika sakafuni. Kisha nikampeleka Lavender na begi lake chumbani kwangu, kulikokuwa na vitanda viwili, nikamwambia ajifungie, asome mada yake, nitakuja kumchukua mwenyewe.

Mratibu nilimkuta akinywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kwamba Mwenyekiti ndiye atakayeongoza kikao cha saa tano. Nikasema basi atafutwe mwingine. Aliniuliza nataka amwambie nini mzee mzima mwenye jina lake. Nikajibu kwamba akishindwa, nitamwambia mimi, mbele ya ukumbi, kipaza sauti kipo.

Alivua miwani akaifuta kwa kitenge, muda mrefu. "Dawati," alisema, "tukikosea hapa, tunaenda nyumbani sote wawili."

"Basi twende nyumbani, Madam."

Alichukua kalamu akakata jina la Mwenyekiti kwenye ratiba. Mama yule nilikuwa nimemwogopa miaka mingi, na siku hiyo nilimpenda.

Mwenyekiti alikuja mezani saa nne na nusu, ametabasamu. "Nyar Asumbi," aliniita, yaani binti wa Asumbi, kwa jina la kwetu, "orodha iko wapi? Watu wa nyumbani watapatana vipi?"

Nikasema watapatana wakati wa kula.

"Na yule msichana wa Remba? Nataka kumpa mawaidha kidogo kabla hajasoma. Amehamia chumba gani?"

"Vyumba sivitaji tena, mzee. Andika ujumbe, nitampelekea."

Nilimsukumia karatasi na kalamu yangu ya wino mweusi. Aliangalia karatasi, akaniangalia, akaondoka bila kuandika.

Lavender alisoma mada yake: jinsi ya kupima malaria kisiwani umeme unapopotea. Mwanzoni sauti ilikwama, halafu akasahau kuogopa. Mimi nilisimama mlangoni muda wote. Mwenyekiti baadaye alijiuzulu, na barua yake ilisema ni kwa sababu za kiafya. Hakuna aliyemwomba Lavender radhi, ila barua yake ya masomo ilitiwa sahihi na mtu mwingine.

Tangu hapo ufunguo ulitolewa ndani ya bahasha, nambari haikutajwa kwa sauti, na anayemtafuta mtu aliacha ujumbe. Katibu Mtendaji, akiwa amestaafu tayari, alituzuru akanung'unika kwamba kongamano limekuwa baridi, watu hawatafutani. Nilimkubalia kidogo. Ule ukuta na kelele zake bado ninautamani, na sioni haya kusema hivyo.

Nami nilistaafu, nikapewa blanketi na saa ya ukutani. Juzi chama kilinialika Homa Bay kama mgeni. Nilimwambia kijana wa dawati kwamba namtafuta Lavender, ambaye sasa ndiye Mratibu. Alinisalimu kwa heshima zote na akakataa kunitajia chumba. Nikamwambia mimi ni kama mama yake. Akasema, "Sawa, Mama, keti, nitampigia." Niliketi nimenuna na nimefurahi kwa pamoja.

Kando yangu alikaa mama wa Isebania, mtaalamu wa zamani. Tukakumbushana watu, nami nikamuuliza Boke yuko wapi, na yule mtoto wake aliyekuwa mgonjwa alikua?

"Mtoto gani?" alishangaa. "Boke siku hizo hakuwa na mtoto. Aliacha kazi tu, hakutuambia sababu."

Nami nikakumbuka ni nani aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati hata wakati ule wa Migori, na ni mwandiko wa nani uliokuwa ukutani.

Lavender alishuka ngazi akikimbia, akanikuta nafuta macho kwa leso. "Mama, unalia nini na mimi nimefika?"

Nikamwambia nilikuwa nafikiria mkate niliomfungia mtu zamani.