Mafuriko yalinihamishia kwenye gari kando ya ziwa, Guangzhou, na mwenye gari hataki kutaja kodi

Wakuu, salaam kwenu mlio nyumbani na mlio mbali.

Gharama ya mkasa mzima, upande wa malazi: yuan sifuri. Nimehesabu mara mbili, imebaki sifuri. Kwa watu wa kazi yangu hakuna namba inayotisha kama hiyo, ndiyo maana nimefungua huu uzi.

Yamenikuta mwenyewe. Anayetaka kupunguza apunguze kwenye bei za watu, siyo kwenye maneno yangu.

Mimi ni mtu wa Dar, niko huku kwa shughuli za vitambaa. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini kabisa kwenye uchochoro wa Kangle, pale penye cherehani nyingi kuliko watu, jirani na soko la vitambaa. Chumba cha ghorofani kodi ilikuwa juu. Nikamwambia mwenye nyumba, mimi na ngazi wapi na wapi, nipe cha chini na unipe na discount. Akanipa bila ubishi.

Nikatembea kifua mbele mtaa mzima.

Halafu mvua ikaja kunieleza kwa nini hakubisha.

Nilirudi mchana nikakuta maji ya uchochoro yameshaingia ndani. Ndala zangu zinaelea taratibu kuelekea mlangoni, utadhani zimeitwa. Godoro, jiko, begi, vyote nikavitazama tu kama mali ya mtu mwingine.

Kilichonikata maini ni majora ya lesi.

Ile lesi ilikuwa sare ya harusi. Dada yangu Zuhura anamwoza binti yake, wanawake wa ukoo na majirani wamechanga, rangi wameibishania mpaka wakakubaliana kijani mbichi. Na mjomba aliye China ni mimi. Sasa mjomba aliye China apeleke sare inayonuka mtaro?

Nikayapakia majora kwenye kitoroli, maji yanachuruzika barabara nzima, nikaenda kwa laobanniang. Ndivyo tunavyowaita huku akina mama wenye maduka. Huyu ndiye aliyeniuzia ile lesi, na tumegombana bei miaka mingi kiasi kwamba akiniona tu anaficha kikokotoo.

Akaigusa lesi. Akanitazama viatu.

"Pengyou, rafiki yangu, unalala wapi leo?"

"Nitaangalia."

"Utaangalia wapi? Kila mtu wa chini amepanda juu. Vyumba vimepanda bei."

Akafungua droo, akanirushia funguo ya gari.

Wakuu, siyo gari la kuendesha mjini. Ni motorhome, gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Yeye na mumewe walilinunua ili wakifunga duka wazunguke China nzima. Duka halijawahi kufungwa. Gari limekaa kwenye kambi kando ya ziwa huko Zengcheng, mbele kabisa ya Xintang ya wauza jinzi, nyasi zimeota mpaka kwenye matairi.

Nikamuuliza, kodi shilingi ngapi?

"Suibian."

Yaani utakavyo mwenyewe.

Waliowahi kununua mzigo huku wanajua. Ukiambiwa bei ghali, unashuka nayo. Ukiambiwa hapana, unajifanya unaondoka. Ukiambiwa suibian, huna pa kushika. Nilijaribu kumlazimisha ataje chochote, akasema nimeshampa maumivu ya kichwa ya kutosha, nisimwongezee.

Basi nikahamia ziwani.

Sijui niwaelezeje. Unaamka, dirisha lote ni jeupe. Ukungu umelala juu ya maji mpaka huoni maji yanaishia wapi. Kisha unafunuka kidogo kidogo, unaona mti wa lichi, unaona ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja, unaona boti za kukanyaga zimefungwa pamoja zinagongana polepole kama watu wanaosinzia kwenye benchi.

Kibla kiliangukia upande wa ziwa. Nikisubiri kuswali Magharibi, jua linazama mbele yangu mara mbili, moja juu na moja ndani ya maji. Hata mimi sikujua lipi nihesabu.

Miaka yangu yote Guangzhou nimeijua kwa kelele za mikanda ya gundi na watu wanaofunga mabelo. Kule nikasahau hata nimefuata nini nchi za watu.

Mke wangu hakusahau. Siku moja kwenye video call:

"Baba Nasra, hebu zungusha simu nione."

Nikazungusha. Kitanda, mapazia ya maua, ziwa.

"Mafuriko yenyewe ndiyo haya?"

"Ndiyo."

"Na hayo mapazia ni ya nani?"

"Ya laobanniang."

Akakata simu. Ilibidi laobanniang mwenyewe aje kwenye simu siku nyingine, na mumewe nyuma yake anachambua samaki, ndipo nyumba yangu ikatulia.

Turudi kwenye lesi. Nilifua majora yote kwenye masinki ya kambi, nikafunga kamba kutoka gari hadi kwenye milichi, nikatandaza. Upepo ukija, kijani kinapepea juu ya maji hadi ng'ambo watu wanasimama kupiga picha. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikiangalia, najiona nimeshamaliza kazi.

Nilihesabu mita. Nilihesabu tena. Jua sikulihesabu.

Laobanniang alipokuja kutazama, alipiga kelele toka getini. Nimeianika juani! Upande uliotazama ziwa umepauka, uliokuwa kivulini umebaki vilevile, na palipokunjwa kwenye kamba pana mstari. Mtu mzima, miaka yote kwenye vitambaa, nimeharibu sare kwa kuianika.

Niliketi kwenye ngazi ya gari. Zuhura alishawaambia watu mzigo unakuja.

Laobanniang akaketi pembeni. Akaniuliza, kwa nini lazima wote wavae kimoja? Si kila mtu anunue chake?

Nikamweleza. Kwetu ukivaa sare, umeingia kwenye harusi. Hata mtu asiyekujua akikuona, anajua wewe ni wa pale, anakupa sahani. Asiye na sare ni mgeni aliyekuja kula.

Aliinuka, akaishika lesi pale ilipopauka. Kisha akamwita mumewe, wakaanza kuanua.

Walipeleka majora yote kwa shemeji yao mwenye kiwanda cha kutia rangi. Hakipauki kitu kikarudi kijani mbichi, kwa hiyo walizamisha lesi yote kwenye rangi iliyokoza zaidi. Ikarudi kijani kinachoelekea bluu, mita ya kwanza hadi ya mwisho rangi moja. Ziwa lile lile, saa ile ukungu umeondoka.

Nikampigia dada kwa video.

Akaitazama kwenye simu. "Kaka, hii siyo tuliyochagua."

"Najua."

"Haya. Ilimradi tutakuwa tumekosea wote."

Mzigo ukaenda kwa ndege. Mimi nikapata chumba tena mjini, ghorofani, na ngazi napanda bila kunung'unika.

Siku ya harusi nilikuwa dukani Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, naletewa picha za nyumbani, ukumbi mzima kama maji. Katikati ya picha hizo ikaingia nyingine.

Laobanniang amesimama mlangoni mwa gari lake, ziwa nyuma, amevaa gauni la ile lesi. Mumewe amefunga tai ya kitambaa hicho hicho. Nyasi kwenye matairi zimefyekwa.

Chini ya picha ametuma hela. Bei kamili ya lesi aliyokata kabla mzigo haujasafiri, bei ile ile aliyoniuzia mimi, bila kuomba apunguziwe hata kidogo.

Kodi bado hajataja. Nimemuuliza tena, amejibu neno lile lile.

Nilichojifunza ni kimoja tu: kitambaa cha rangi kianikwe kivulini. Mengine bado yananizunguka kichwani.

Sasa wakuu, huku hela ya kwenye simu haiingii mpaka mwenyewe ubonyeze kupokea, na ile bado sijaipokea, iko tu pale inaning'inia. Nikiipokea, nimemuuzia sare mtu aliyenipa nyumba. Nikiirudisha, nimeukataa mchango wake wa sare, nimemwambia yeye ni mgeni aliyekuja kula.

Mliooa na kuozesha, nishaurini. Nibonyeze wapi?