Tangazo Lisilomtaja Mjomba

Mkono unaoandika maneno haya si wangu. Mimi sikupelekwa shule. Ni wa mjukuu wangu wa kiume, na nimemwamuru aandike kila nisemalo, hata lile litakalomuuma.

Miaka ile ya biashara huria, kiwanda alichofanyia kazi baba yake kilipofungwa, kijana huyu alijipatia riziki katika stesheneri moja mjini Morogoro. Humo walichapa barua, kadi za harusi na matangazo ya vifo ya kupeleka redioni. Alichoka kuandika maneno yale yale kila siku. Kwa lugha ya kompyuta waiitayo JavaScript akatengeneza kiolezo: maneno ya tangazo yametulia mahali pake, na katikati mna nafasi zilizozungushiwa mabano. Jina la marehemu linaingia hapa, la mfiwa pale, na papo hapo hutoka karatasi ya redio pamoja na ukurasa wa mtandao.

"Chepesi sana, Bibi," aliniambia kwa majivuno. "Nimepunguza kila kisichohitajika."

Alichopunguza ni mwisho wa tangazo. Zamani matangazo yetu yaliwataja watu: habari zimfikie fulani wa Mlali, na fulani wa Mgeta. Yeye aliona majina hayo yanarefusha kazi, akaweka maneno ya kutosha kila msiba: ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo.

Kisha akafariki mama yake, binti yangu wa pekee. Alikata roho alfajiri, na mazishi yakapangwa alasiri ile ile, kama dini yetu itakavyo. Kijana alikwenda stesheneri macho yamevimba, akajaza nafasi zake. Asubuhi redio ikasoma kwamba bwana fulani wa Morogoro mjini anasikitika kutangaza kifo cha mkewe. Jina lililosomwa lilikuwa la ndoa. Kwetu Mgeta hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Kule aliitwa jina la mama yangu, alilorithishwa utotoni.

Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Aliyepaswa kushuka kaburini kumpokea binti yangu ni mjomba wake, mdogo wangu wa kiume. Tulimngoja mpaka wazee wa msikiti wakasema maiti haiwezi kungoja zaidi. Akashuka mumewe na ndugu zake, watu wa mkoa mwingine. Watu wema, lakini si wa tumbo letu.

Mdogo wangu alifika kesho yake, baada ya dereva wa lori kumpelekea habari. Alisimama mlangoni, matope ya Mgeta yamemkaukia miguuni.

"Tangazo nililisikia, dada," alisema. "Redio ya lori ilikuwa inasema. Nilimwonea huruma yule bwana aliyefiwa, nikaendelea kupakia kabichi. Lori likaondoka kuja huku huku mjini, na kiti cha mbele kitupu."

Mjukuu wangu akafungua kinywa. Nikamwambia, "Nyamaza. Mpe babu yako maji."

Mdogo wangu aliyapokea maji, asiyanywe. "Mjukuu wangu," akamuuliza, "popote walipo ndiyo wapi? Mimi nilikuwa Mgeta."



Baada ya arobaini, kijana aliongeza nafasi ya mtu wa ukoo wa mama, awe mjomba au kaka, pamoja na kijiji chake. Akanieleza kwamba kwa marehemu asiye na mtu huyo, mstari wote hujificha wenyewe, na tangazo hubaki safi. Nikaitikia tu.

Sasa mdogo wangu naye amelala Mgeta, na kaka mwingine sina. Tangazo langu litajazwa na kijana huyu huyu. Nimemwagiza kwamba siku hiyo mstari ule usijifiche. Nafasi ya jina ibaki tupu, kijiji kiandikwe Mgeta, na msomaji wa redio akifika hapo anyamaze kidogo.

Naona amesita. Andika.