Ndoo ya Funza wa Dada Osmunda

Jamani, aibu niliyoipata Liuli siku ya arobaini ya dada yangu bado inaniunguza masikio, na nawasimulia kwa sababu wengine wenu mlishaisikia nusunusu mkacheka, basi leo isikieni yote.

Dada Osmunda aliolewa kule ziwani, kwenye joto, na alikuwa anafuga funza. Msikunje pua. Ni funza wa nzi chuma, yule mweusi mwembamba kama nyigu ambaye hana habari na chakula cha mtu, na kuku wa dada walivyonona kwa funza hao majirani walikuwa wanamtania kwamba anawachoma sindano. Alipozidiwa na kulazwa hospitali, mumewe, shemeji Kanisius, akawa analala naye hukohuko, ndoo ya funza nikapewa mimi nipande nayo kwetu milimani Mbinga. "Nitunzie mbegu mpaka nipone," dada akaniambia, na palepale kitandani akanifundisha: funza wake ni bapa, mgumu, ana pingilipingili, na akilala kungojea mabawa anakuwa mweusi ila umbo lake halibadiliki, anakakamaa vilevile alivyo, lakini funza wa nzi hawa wa kawaida ni mweupe, laini, kichwani amechongoka, na akilala anajifupisha anakuwa kidonge cha kahawia, hujui kichwa ni kipi wala mkia ni upi. "Ukiona vidonge, chekecha, tupa." Nikasema sawa. (Mimi kusema sawa ni mwepesi sana.)

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na baridi ya kwetu mnaijua, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Nilikuwa nawatupia maganda ya ndizi na makombo, nafunika harakaharaka, nakimbilia shambani. Wale wakubwa wakawa weusi, wakatulia, nikasema ahaa, wamelala, wanajiandaa kuruka. Halafu nikaona wadogo weupe wanajinyonganyonga katikati yao, wengi, nikapiga kigelegele peke yangu jikoni: wamezaa! (Funza azae, jamani! Tangu lini mtoto anazaa hata hajaota mabawa? Lakini nilikuwa na furaha, sikujiuliza.)

Nikampigia dada. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Wako hai?"

"Wako hai, dada. Wameongezeka. Wanakusubiri wewe tu."

Akacheka. Wiki ileile akafariki.

Baada ya mazishi ile ndoo ndiyo ikawa dada yangu, nilikuwa nainunulia hata ndizi mbivu. Asubuhi moja nikaona vidonge vya kahawia vimejaa pembeni. Niliviona, siwadanganyi. Nikafunika.

Arobaini ilipokaribia shemeji akanipigia kwamba ametengeneza kibanda cha neti nyuma ya nyumba, nzi wa Osmunda wakitoka watagie mle, kuku wake wasife njaa. Nikateremka na basi, ndoo mapajani, nimeifunga kitenge juu, na kadiri tulivyoshuka kuelekea ziwani joto likazidi, na kabla hatujafika nikasikia kama kitu kinakwaruza ndani. Nikatabasamu njia nzima!

Kesho yake, baada ya misa, watu wamekaa uani, wali na samaki viko mezani, shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, tuwapeleke moja kwa moja kwenye neti." Nikamwambia hapana, watu waone kwanza kwamba kazi ya dada haijafa. Nikaweka ndoo mezani (mezani, jamani, kando ya sinia!), nikasema maneno yangu, nikalia kidogo na wengine wakalia, nikafungua kitenge.

Wakatoka nzi hawahawa wa kijivu, wa chooni, wingu zima, wakatua kwenye wali, kwenye samaki, kwenye kipara cha katekista aliyekuwa ameshainua mkono kubariki chakula. Mzee mmoja akawahi kufunika sahani yake kwa kofia, nzi wamo ndani. "Mama, umetuletea nini?" mtu akauliza, na akina mama wakaficha vicheko kwenye khanga. Mama mkwe wa dada, mama Agata, ndiye hakucheka. Akanishika mkono, akasema, "Kaa chini, mwanangu." Nikakaa, kitenge cha ndoo bado kiko mkononi.

Jioni watu walipoondoka, shemeji akamwaga ndoo kwenye ungo. Vidonge vilikuwa vitupu, vimefunguka upande mmoja. Chini kabisa walikuwemo wale weusi, bapa, wenye pingili. Akambonyeza mmoja kwa kidole. Hakuwa amekakamaa. Alikuwa laini, ameoza.

"Hawa ndio wake?"

"Ndio wake."

"Walikufa lini?"

Baridi ya kwetu iliwaua, labda baada ya dada, labda walishakufa siku ileile ninamwambia wanamsubiri. Kanisius hakunigombeza. Aliwachagua wale weusi wote, akawaingiza kwenye kibanda cha neti, akafunga kamlango, tukakaa hapo tunatazama, watu wazima wawili, na tulijua kabisa hakuna kitakachotoka.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiachiwa kitu cha mtu, hata kuku, sifuniki nikakimbia, na mtu akiniuliza kama kiko hai simjibu mpaka niende nikakitazame. Ila dada, hata angeniuliza leo tena kama wako hai, ningemjibu vilevile.